Sura ya Tano: Medali Mbili katika Mkebe Mmoja

Suali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, tangu nilipoanza kushughulika na tarikhi za jamaa na nasaba zao, huulizwa na watu wasiofanana kwa kazi wala kwa umri, na aghalabu huja kwa maneno haya: "Babu yetu alikwenda vitani zama za Wazungu, je, iko njia ya kujua alipelekwa wapi, na kama hakurudi, alifia wapi?" Muulizaji huwa hana waraka mkononi. Ana jina, tena jina moja tu, ana kisa alichokisikia kwa bibi yake jioni moja, na pengine ana kipande cha madini chenye kichwa cha mfalme asiyemjua.

Njia iko, lakini haiwafikishi watu wote mahali pamoja. Aliyetafuta askari wa Vita Vikuu vya Pili, vya mwaka 1939 hata 1945, ana matumaini mema. Aliyetafuta askari wa Vita vya Kwanza, vya mwaka 1914 hata 1918, ana matumaini ya wastani. Na aliyetafuta mpagazi wa vita vile vya kwanza, yule aliyebeba risasi na posho kichwani kutoka Voi au Kilwa hata mpakani mwa Msumbiji, yampasa ajue mapema kwamba anatafuta mtu ambaye wenye kalamu hawakuona haja ya kuliweka jina lake. Nasema hivi mwanzoni ili msomaji asije akafungua madaftari, akakosa, akadhani kuwa wazee walimdanganya. Kutokuwamo katika daftari si kutokuwapo vitani, na sura hii nzima nimeiandika kwa ajili ya neno hilo.

Kazi huanzia nyumbani

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Tanga kumzuru mama mmoja mtu mzima, ambaye ujirani wa wazee wetu umenifanya nimwite bibi. Nilipokwisha kumwamkia na kuitikiwa, na kahawa ikaletwa, akamwagiza mjukuu wake mkebe wa biskuti uliokuwa juu ya kabati. Ndani yake, chini ya hati ya shamba na stakabadhi za kodi zilizogeuka rangi ya chai, mlikuwamo medali mbili zilizofungwa pamoja katika kitambaa cha kanzu.

"Hii ya babu," akasema, "na hii ya baba. Babu alirudi, akafa kitandani kwake. Baba hakurudi. Mimi nilikuwa tumboni alipopanda meli Kilindini, mjukuu wangu. Barua ilikuja, akaisoma mwalimu, kisha ikapotea. Wala siku aliyokufa hatuijui."

Niliishika kwanza ile ya babu. Ilikuwa ya fedha, duara, nzito kuliko ilivyoonekana, upande mmoja ina kichwa cha Mfalme George wa Tano na upande wa pili mpanda farasi, na miaka 1914 na 1918. Watu wengi huitazama medali ya namna hii nyuma na mbele, wakairudisha mkebeni, ilhali maneno yenyewe yamo mahali pasipotazamwa: ukingoni, pale unene wake ulipo. Niliomba unga kidogo, nikaupaka ukingoni kwa kidole na kuupangusa taratibu, na unga uliobaki katika mikwaruzo ukazitoa herufi mojamoja. Ilitangulia namba, zikafuata herufi PTE, likafuata jina la babu lililoandikwa pungufu, na mwisho herufi tatu, K, A na R.

Bibi aliyekuwa na medali ile tangu utoto wake hakupata kujua kwamba ina maandishi.

Nieleze herufi hizo. PTE ni kifupi cha cheo cha askari wa kawaida, asiye na tepe. KAR ni King's African Rifles, yaani jeshi la Mwingereza la askari Waafrika lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda na Kenya ya leo, ambalo wazee wetu waliliita Keya, na hata leo ukisikia mtu mzima akisema "alikuwa Keya" hilo ndilo analolikusudia. Jeshi hilo liligawanyika katika rejimenti zenye namba, na kila rejimenti katika batalioni, ambayo ni kundi la askari mia kadhaa chini ya mkuu mmoja. Kwa hiyo ukiona 1/6 maana yake ni batalioni ya kwanza ya Keya ya sita.

Kisha nikaishika ya baba: nyota ya pembe sita, ya rangi ya shaba ya njano. Nikaigeuza. Nyuma ilikuwa tupu. Bibi alihuzunika, akadhani kuwa baba yake alidhulumiwa hata jina, ikanipasa nimweleze kwamba nyota zile za vita vya pili serikali ya Uingereza ilizitoa bila kuchora jina la mtu yeyote, awe jenerali au mpishi. India na Afrika Kusini zilichora za watu wao, sisi hatukuchorewa. Medali ya vita vya kwanza yaweza kusema. Ya vita vya pili ni bubu, wala haina kazi katika utafutaji ila kuonyesha, kwa aina yake, upande wa dunia aliokwenda mwenyewe, kama vile Nyota ya Burma iliyotolewa kwa waliopigana Burma.

Jambo moja nalisihi. Usiisugue medali kwa majivu na ndimu, kama tunavyosugua vyombo vya shaba siku ya kuamkia Idi. Nimeona medali zilizong'aa kama kioo, ambazo ukingo wake umelainika hata namba haisomeki tena, na namba hiyo ilikuwa peke yake njia ya kumfikia mwenye medali.

Baada ya medali, uliza watu. Usiulize "Babu alikuwa kikosi gani?" kwa kuwa bibi hajui kikosi, uliza mambo ambayo mke au mtoto angeyaona kwa macho:

- Aliondoka kwa miguu, kwa gari moshi, au kwa meli, na bandari gani?
- Aliondoka kabla ya nani kuzaliwa, au baada ya mavuno gani, au karibu na Idi ipi?
- Alirudi na neno gani la kigeni mdomoni, na jina gani la nchi: Uhabeshi, Bukini (yaani Madagaska), Bama (yaani Burma)?
- Alipewa bunduki, koleo, au mzigo?
- Fedha zake zilikuwa zikija nyumbani, na zikichukuliwa kwa nani: ofisi ya bwana wilaya, jumbe, au chifu?
- Nani mwingine wa mtaa ule alikwenda pamoja naye?

Suali la mwisho lina thamani kuliko yote, maana jirani aliyekwenda naye siku moja na kuandikishwa katika mstari mmoja yumkini namba yake iko karibu na ya babu yako.

Na usidharau tarehe za wazee. Mzee mmoja aliniambia kuwa baba yake alichukuliwa "siku chache baada ya Idi ya kuchinja, Wahindi waliposhuka Tanga." Nikafanya hesabu. Majeshi ya India yaliyoletwa na Mwingereza yalishuka Tanga tarehe 2 Novemba 1914, wakapigana na Wajerumani, wakashindwa na kupakiwa tena merikebuni tarehe 5. Na Idi ya Mfungo Tatu mwaka ule iliangukia mwisho wa Oktoba. Mzee yule hakuwahi kushika kitabu cha tarikhi, na siku alizonitajia hazikukosea.

Namba ni bora kuliko jina

Mtu akienda katika nyumba ya nyaraka (yaani mahali serikali inapohifadhi maandishi yake ya zamani) na jina peke yake, amekwenda kutafuta Juma katika mji wa kina Juma. Fauka ya hayo, jina lenyewe halikuandikwa na mwenyewe. Liliandikwa na karani aliyelisikia mara moja, penye makelele, kwa lugha isiyo yake, na kila karani aliliandika kwa sikio lake. Nilipata kukaa siku tatu katika nyumba moja ya nyaraka nikitafuta Athumani, kurasa baada ya kurasa, na mtu wangu alikuwamo tangu daftari la kwanza, ameandikwa Osmani. Siku tatu zile zilinifunza niandike kwanza, kabla ya kuondoka nyumbani, sura zote ambazo jina laweza kuvaa:

- Hamisi, Khamis, Amisi, Hamesi
- Athumani, Uthman, Osman, Osmani
- Salimu, Selimu, Salum
- Mohamadi, Muhamadi, Mahomed, Mamadi
- Juma, na kwa kalamu ya Mjerumani Djuma au Dschuma

Kwa watu wa bara iko shida nyingine, ya R na L kubadilishana, na ya "bin" kutiwa mahali pa "wa", au jina la baba kuachwa kabisa na badala yake kuandikwa kabila. Tena wako waliojiandikisha kwa jina lisilo lao kwa kuwa walitoroka kwa wazazi au kwa mwajiri, na jina hilo la jeshini wakaliacha jeshini. Usisahau kwamba tahajia tuliyoizoea ilianza kusimamiwa na kamati ya lugha ya nchi zetu hapo mwaka 1930. Kabla ya hapo kila misheni na kila ofisi ilikuwa na yake.

Namba haina maradhi hayo. Mara nyingi ilitanguliwa na herufi, na herufi hizo ni sehemu ya namba, usiziache.

Kwa ufupi: kabla ya kufungua daftari lolote, uwe na vitu vitatu ikiwezekana, navyo ni namba au kikosi, mwaka mmoja au miwili ya kukisia, na orodha ya tahajia za jina.

Aliyekuwa Mjerumani asubuhi, Mwingereza jioni

Jamaa wa Tanganyika wana mashaka ambayo jamaa wa Kenya hawanayo, kwa sababu hapa mtu aliweza kupigana upande wowote, na wengine walipigana pande zote mbili. Keya ya sita iliundwa mwaka 1917, na miongoni mwa askari wake walikuwamo waliokuwa askari wa Mjerumani, wakatekwa, wakaandikishwa upya. Kwa hiyo ukiambiwa na shangazi kwamba babu alikuwa wa Mjerumani, kisha ukaambiwa na ami yako kwamba alikuwa Keya, usiwagombanishe. Yawezekana wote wawili wanasema kweli.

Vyeo husaidia kupambanua. Jeshi la Mjerumani lilianza na Wasudani walioandikwa Misri mwaka 1889, nao walikuja na majina ya vyeo ya Kituruki, ndiyo maana wazee walisema ombasha, shaushi na efendi. Koplo na sajini ni vya Mwingereza. Lakini hii ni dalili, si ithibati, maana Keya za mwanzo nazo zilikuwa na Wasudani wao.

Karatasi za upande wa Ujerumani zilipatwa na msiba mkubwa: nyaraka nyingi mno za jeshi lao ziliteketea kwa mabomu huko Potsdam mwezi wa Aprili 1945. Zilizosalia za utawala wao hapa nchini zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Dar es Salaam, nazo zimeandikwa kwa Kijerumani, nyingi kwa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana, nami nakipenda. Hapo mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari wazee mishahara waliyokuwa wakiidai tangu mwaka 1918. Mlipaji akafika Mwanza, wakamjia wazee mamia, na wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Basi, inasemwa, kila mzee alipewa ufagio mkononi, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki, na hapana hata mmoja aliyekosea. Miaka 46 ilikuwa imepita. Ikiwa katika nyumba yenu mzee alikumbukwa kwa kuzitamka amri za kijeshi, au kwa namna aliyosimama wima mgeni alipoingia, mwandike hivyo katika daftari lako, na uziandike amri zenyewe jinsi zilivyosikika, kwani lugha ya amri hukuonyesha jeshi.

Magazeti: yasemayo na yanyamazayo

Magazeti ya kale huvutia, kwa kuwa mtu hutazamia kuliona jina la babu yake limechapwa. Mara chache litaonekana. Magazeti ya Wazungu, kama East African Standard, ambalo lilianza Mombasa mwaka 1902, yaliwaandikia Wazungu, na majina ya waliokufa yaliyochapwa humo katika vita vya kwanza aghalabu yalikuwa ya maofisa, na askari wetu wakatajwa kwa hesabu: wangapi walikufa, wangapi walijeruhiwa. Hata hivyo hesabu hiyo si bure. Ukijua kikosi cha babu, na gazeti likakwambia kikosi kile kilikuwa wapi mwezi ule na kilipoteza watu wangapi, umekwisha kujua babu alikuwa wapi, ingawa hakutajwa.

Magazeti ya Kiswahili ni habari nyingine. Mambo Leo, lililotolewa na idara ya elimu Dar es Salaam kuanzia Januari 1923, halikuwahi vita vya kwanza, lakini liliwahi wazee wa vita hivyo. Katika habari za miji na vijiji zilizoletwa na wenyeji, na katika mashairi na barua, huzuka mara kwa mara mtu aliyepata kuwa askari, amekuwa jumbe, au amefariki na mazishi yake yakahudhuriwa na wenzake. Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, na magazeti ya jeshi yaliyochapwa kwa Kiswahili ili yasomwe na askari walioko ng'ambo, yamejaa sauti zao wenyewe wakisalimu nyumbani, wakilalamikia mishahara, wakiuliza kwa nini wake zao hawajapata fungu la fedha. Mtafuta babu husoma kurasa za salamu kwa uangalifu kuliko habari za vita zilizo ukurasa wa mbele.

Ziko njia mbili za kuyasoma. Ya kwanza ni kwenda yaliko: hifadhi za taifa Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, na mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pengine utapewa maikrofilamu, yaani picha ndogondogo za kurasa katika utepe, ambazo husomwa kwa mashine ya kuzikuza. Ya pili ni intaneti, ambako magazeti mengine yamesomwa na mashine, ukiandika neno hukuletea ukurasa. Mashine hiyo yafaa, ila haijui Kiswahili, na wino uliofifia huifanya isome "Hamisi" kama "Harnisi". Ukikosa kwa kuandika jina, fungua toleo lenyewe ulisome kwa macho, na usome ya miezi mitatu baada ya tukio, kwa kuwa habari za askari zilichelewa.

Liko pia gazeti la serikali, ambalo ni chapisho la kutangazia sheria, uteuzi, na mirathi ya waliokufa bila warithi kujulikana. Ndugu yake mkubwa, London Gazette, lilitangaza nishani za ushujaa, na humo baadhi ya askari wa Keya waliopewa wametajwa kwa jina na namba. Lote laweza kutafutwa bure katika intaneti. Kama kwenu husemwa kwamba babu alipewa medali kwa kumwokoa bwana mkubwa chini ya risasi, anza hapo.

Na iko shajara ya vita: daftari ambalo kila kikosi kiliandika siku kwa siku, kilipiga kambi wapi, mvua ilinyesha, chakula kilikwisha, nani aliuawa. Shajara za Keya za vita vya kwanza zimo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London. Ofisa hutajwa kwa jina. Askari hutajwa kwa idadi. Niliposoma shajara moja nilikutana mara nyingi na mstari wa namna ile ile, askari wawili wamekufa, wapagazi saba wamekufa, na karibu yake kimo cha mto siku hiyo. Mto ulikuwa na jina.

Wapagazi

Sasa nawarudia wapagazi niliowataja mwanzoni. Vita vya kwanza katika nchi hizi havikupiganwa kwa bunduki peke yake. Vilipiganwa kwa vichwa na mabega, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na barabara hazikuwapo. Mwingereza aliandika wapagazi kiasi cha kukaribia milioni kwa jumla, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko, wengi wao kwa kulazimishwa, na wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa wanapindukia laki moja, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, kwa chakula kibaya na baridi ya usiku, si kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, tumelimeza katika lugha yetu likawa Kariakoo, na mji wa Dar es Salaam una Kariakoo yake kama Nairobi ilivyo na Kariokor, na watu hununua mchicha mahali ambapo jina lake ni la waliokufa.

Walihesabiwa, maana walilipwa, au walipaswa kulipwa. Vita vilipokwisha, mishahara mingi ya waliokufa ilibaki bila mtu wa kuichukua, na serikali ikasema haiwezi kuwapata warithi. Walipewa namba, lakini makaburi yao hayakuwekwa majina. Waliokuwa na dhamana ya makaburi ya vita waliamua kwamba Mwafrika wa vita vile ataadhimishwa kwa sanamu, na sanamu zikasimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, nazo hazina jina la mtu hata mmoja. Ripoti ya mwaka 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe, iliyo mrithi wa waliofanya uamuzi ule, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakuadhimishwa kabisa.

Mimi naliona jambo hili kuwa dhuluma, wala silisemi kwa kunong'ona. Mtu aliyekwenda kwa kamba shingoni na kufa njiani alistahili mstari mmoja wa wino.

Basi mjukuu wa mpagazi afanye nini? Atazame majalada ya wilaya, ambayo ni maandishi ya bwana wilaya kuhusu watu waliotakiwa kutolewa na kila jumbe, kwa kuwa humo huenda akaona kijiji chake na idadi. Aulize katika misheni, ikiwa babu alikuwa Mkristo, maana madaftari ya ubatizo na ndoa huonyesha ni nani alikuwapo mwaka 1916 na hakuwapo mwaka 1919. Juu ya yote, aandike yale yanayosimuliwa nyumbani, akitaja jina la msimulizi na tarehe aliyomsimulia. Waraka ule atakuwa ameuandika yeye, na ni waraka halali kama wa karani wa mwaka 1917.

Daftari la waliokufa, na siku ya baba yake bibi

Kwa vita vya pili hali ilibadilika, na askari wa Afrika waliokufa wameandikwa, wengi wao, kwa jina na namba. Tume niliyoitaja ina daftari lake katika intaneti, liko wazi kwa kila mtu, bila ada. Huonyesha jina, namba, cheo, kikosi, siku ya kufa, na mahali lilipo kaburi au jina. Na mara nyingi huongeza neno moja la nyumbani, kwamba alikuwa mwana wa fulani, au mume wa fulani, wa wilaya fulani.

Nililitafuta jina la baba yake bibi kwa tahajia zote, sikulipata. Ndipo nikaacha jina, nikatazama tuliyoyajua. Alipanda meli Kilindini, bibi alizaliwa katikati ya mwaka 1944, naye alikuwa tumboni, na mama yake alipata kusema kwamba mumewe "alikuwa wa mizinga." Mambo matatu hayo yaliniongoza kwa merikebu Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, imechukua miongoni mwa watu wake kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Jumamosi tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Japani, yaani chombo cha vita kiendacho chini ya maji, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Msomaji asitazamie kuisoma habari hii katika gazeti la juma lile, kwa kuwa wakati wa vita habari za meli zilizozama zilizuiwa.

Katika daftari la Tume mtu aweza kutafuta bila jina, akataja siku ya kufa na kikosi tu. Nikafanya hivyo. Ikaja orodha ndefu ya watu waliokufa siku moja, kikosi kimoja, majina ya Kikamba, ya Kijaluo, ya Kinyamwezi, ya pwani, na nikaisoma yote kwa kuwa hapana njia nyingine. Jina lake lilikuwamo. Lilikuwa limepinduliwa, jina la baba limetangulia na lake limefuata, na herufi mbili zimekosewa. Lakini pembeni palikuwa na jina la mkewe na la wilaya, na jina la mkewe lilikuwa sahihi. Mwili haukupatikana, kwa hiyo jina limechorwa pamoja na ya wenzake katika ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, njia ya Ngong.

Nilirudi Tanga na karatasi mbili, moja ya daftari na moja niliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Bibi hakuuliza juu ya meli wala juu ya Mjapani. Alitaka nimsomee jina la mama yake kama lilivyoandikwa kule, nikamsomea, akataka tena, nikamsomea tena. Kisha akauliza siku hiyo kwa hesabu yetu ni mwezi ngapi. Nilikuwa nimekwisha kuipiga hesabu: 12 Februari 1944 iliangukia takriban mwezi 17 wa Mfungo Tano. Akamwita mjukuu wake aitie katika kalenda iliyotundikwa ukutani, karibu na saa. Kwa miaka yote ile walikuwa wakimsomea baba yake hitma pamoja na maiti wote wa nyumba, mwezi wa Shaabani, kwa kuwa hapakuwa na siku iliyo yake. Mwaka uliofuata alinipelekea salamu kwamba nije Mfungo Tano, na nikafika mchana wa mwezi 17, nikakuta mikeka imekwisha kutandikwa barazani, na bibi amekaa mlangoni, mkebe uko mapajani mwake.